Mti wa Mabaka wa Kahambu

Jumatatu, 4 Juni 1973
Wameukata! Nimerudi Bwera na mzigo wangu wa chumvi, nakuta askari wa kizuizi cha barabarani wanachanja kuni juu ya kaburi la mke wangu Kahambu. Eti mti una ugonjwa. Eti majani yenye mabaka meupe yataambukiza kahawa ya watu. Wapumbavu! Mabaka yale ni ya kuzaliwa nayo. Baba yangu aliumwagilia maji mti wa namna ile bustanini kwa misheni, Butembo. Padri Mbelgiji aliuita orme kwa Kifaransa, akasema Kongo nzima hakuna mwingine. Waasi waliuchoma mwaka 64. Kahambu akavuka mpaka kuja Uganda na kijiti kilichosalia ndani ya kitambaa kibichi, akakipanda hapa. Mwaka juzi nikamzika chini yake, yeye na mtoto wetu ambaye hakulia.

Nilimkaba askari mmoja kola. Jino langu limebaki pale pale.

Jumapili, 1 Julai
Kisiki kimechipua! Nilipiga magoti. Kisha nikatazama vizuri — kijani tupu. Hakuna baka hata moja. Ni mti gani huu sasa? Nimeyang'oa machipukizi yote kwa hasira. Sikwenda misa.

Jumamosi, 7 Julai
Nilikwenda kwa Magidu, dereva wa lori, kumrudishia turubai. Nyuma ya choo chake — mti! Unanifikia kifuani, majani yana mabaka. Nikauliza umetoka wapi.

— Nilitoa kwa bustani ya Muhindi, Kasese, mbele Bahindi bafukuzwe.

Mwongo! Labda amekivunja kijiti kaburini. Kwetu mti wa kaburi hauvunjwi hata kijiti. Ukivunja, umemvunja marehemu mfupa. Nikamwomba jani moja tu. Jani la orme halilingani chini: upande mmoja unashuka kwenye kikonyo kuliko mwingine. Ningelishika ningejua kama ni orme. Akakataa, eti nitamletea askari. Akachukua panga. Nikampiga jiwe kwenye nyusi, damu ikamjaa jichoni. Sijuti.

Jumatatu, 9 Julai
Nimefanya. Nimemwambia sajini wa kizuizi: kwa Magidu kuna mti wenye ugonjwa ule ule, ameuficha. Wakiukata nitaokota jani. Ukiwa wa Kahambu, nitaokota na kijiti, nikamrudishie kaburini. Leo nitalala vizuri.

Jumanne, 10 Julai
Walikwenda asubuhi, nami nyuma yao. Sikufikiri itakuwa vile. Walimpiga Magidu kwa vitako vya bunduki. Mkono wake ulivunjika, niliusikia. Wakamfunga kamba kwenye ule ule mti. Nikamwomba sajini jani tu. Akacheka.

— Wewe ndio ulisema iko na ugonjwa. Basi wewe utakata. Lete shoka!

Saudah, mke wa Magidu, akajitupa miguuni mwangu.

— Shemeji Fidèle, iko ya dada Kahambu! Alinipa kijiti na mukono yake! Baambie haina ugonjwa!

Magidu akatema damu. Ya Muhindi, akasema. Nyamaza wewe mwanamke.

Nikachuma jani. Nikalivuta kwa nguvu, likachanika pale pale kwenye kikonyo, pale nilipotaka kupaona! Nikanyoosha mkono kwa la pili, nikapigwa kitako cha bunduki mgongoni. Shoka, wakasema.

Niko nyumbani, nimeletwa kuchukua shoka; askari wananingoja nje. Shoka liko juu ya mapaja yangu, naandika. Nikisema mti hauna ugonjwa, nimemdanganya afande, na kamba zinatosha watu wawili. Nikikata na ni wake, nimemkata Kahambu mimi mwenyewe. Kama si wake — basi nimemvunjia mtu mkono kwa ajili ya ua la bustani ya Muhindi. Mungu wangu, naogopa. Nauchukia huu mti, nauchukia na mkono wangu.

Honi ya landrova ya askari. Tena.

Saudah ameingia. Halii. Anasema alidanganya, Kahambu hakumpa kitu.

— Iko ya Muhindi tu, shemeji. Kuja ukate mbio, mukono ya Magidu inavimba ndani ya kamba.

Namwambia anitazame usoni aseme tena. Anatazama shoka.