Yaya Deo, Mtu wa Bize

Yaya Deo,

Ni mimi, mdogo wako Vestine. Usitegemee salamu ndefu, kaka yangu. Una miezi mitatu kaburini na hasira yangu bado mbichi, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nayo hivi hivi. Safari hii hutanikatia simu.

Nyumbani kwetu, tangu tukiwa Goma, hatukuwa na hilo neno bize. Tulisema "niko na kazi", basi. Ni wewe uliyelileta, uliporudi kutoka masomoni Kampala na mkoba wako wa ngozi. Siku hizi kila mtu Gisenyi analo. Hata dereva wa moto anayesinzia juu ya pikipiki yake atakuambia yuko bize. Lakini wewe ulilijulia kuliko wote. Mtu akisema ana kazi, unaweza kumuuliza kazi gani. Akisema yuko bize, wewe uliyempigia ndiye unayeomba radhi. Nimekuomba radhi miaka mingapi, mjinga mimi!

Kuna jambo sikuwahi kukuambia usoni. Unakumbuka siku mama alipotoka kwangu Mahoko kukuletea mboga ya sombe na dagaa wa sambaza? Alifunga bakuli kwa kitenge, akapanda basi peke yake mpaka ofisini kwako mpakani, karibu na Grande Barrière. Sekretari wako akamwambia, "Mama, boss iko bize, ngoja kidogo." Akangoja kwenye benchi tangu asubuhi. Saa tisa nikaja kumchukua, nikapitia njia ya ziwani, na wewe huyo! Umekaa na rafiki zako mnakula nyama za brosheti, kijiti mdomoni, unacheka. Uliponiona ukaweka simu sikioni, ukaniinulia kidole nisubiri. Halafu simu ikalia hapo hapo sikioni mwako.

Mama sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwenye basi alikaa na bakuli lake limejaa vile vile, akiwaeleza abiria, "Mutoto yangu iko bize sana, hata wakati ya kula hana." Alisema kwa fahari, Deo. Kwake lile neno lilikuwa cheo chako. Siku ile nilikuchukia.

Ulipoanguka kwa presha nililia, ndiyo. Ulikuwa yaya yangu, ulinibeba mgongoni tukiwa wadogo. Lakini mazishini wenzako wa kazi waliposimama kusema hukujua kupumzika, niliuma meno mpaka taya likauma.

Sasa sikia ulichotuachia. Tangu tukuzike, akili ya mama inampotea. Kila asubuhi ananiuliza, "Deo iko wapi? Atakuya leo?" Mwanzoni nilimwambia ukweli. Akaanguka chini akalia kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akaanguka tena. Mara nne nimemfisha mwanawe mbele yake, kwa mdomo wangu mwenyewe. Akaacha kula.

Mara ya tano nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na kikombe cha uji, na sikuweza. Nikasema, "Iko bize, mama."

Akanitazama. Akacheka kidogo. "Eeh, ile mutoto na kazi yake!" Akachukua kikombe, akanywa uji wote.

Tangu siku hiyo nasema hivyo kila asubuhi. Neno lililokuwa likinichefua ndilo ninalomlisha nalo mama. Uongo wako umekuwa wangu, na wewe umelala umetulia. Nina hasira, Deo. Nina hasira kwa sababu neno lako linafanya kazi.

Basi kwaheri. Sijakusamehe, na usiniharakishe. Naahidi nitaendelea kukusingizia kazi mpaka siku yake ya mwisho, na habari ya brosheti hataisikia kwangu. Lakini siku atakapofika huko, mimi sitakuwepo kukujibia. Utoke mwenyewe umpokee, ukae naye, umsikilize mpaka amalize.

Mdogo wako,
Vestine