Mstari Wangu wa Maharage

Mama,

Nimerudi machimboni Walikale juzi. Miguu imevimba, lakini najua wewe ungeuliza moyo kwanza, kwa hiyo nakuandikia habari za moyo.

Habari ya homa yako ilinifikia huku siku ile ile na habari ya maziko yako. Nilitembea msituni siku nne, nikafika nyumbani Nyabiondo nikakuta udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Sikulia. Majirani walinitazama, nikaona aibu.

Asubuhi dada Veronika akanipeleka shambani. Unakumbuka mwaka ule moniteri wa kilimo, yule afisa wa serikali, alipolazimisha watu wote wapande maharage kwa mistari iliyonyooshwa kwa kamba? Kilima kizima kilinung'unika. Wewe peke yako ulifurahi. Tangu hapo ulimpa kila mtu mstari wake, ukawa unapalilia huku unamwombea: wa Papa, mume wako, pale kwenye migomba, wa Veronika, hata wa yule jirani mliyegombana naye kwa sababu ya mbuzi wake. Huo ndio uliopaliliwa kwa nguvu kuliko yote, nasi tukicheka. Hukupiga magoti mara nyingi, Mama. Ulikuwa unaongea na Mungu umeinama, unanyamaza kidogo kung'oa jani gumu, kisha unaendelea naye.

Sasa mistari yote ilikuwa safi, isipokuwa mmoja. Kuanzia kwenye lile jiwe la katikati, magugu yalikuwa yamefunika maharage. Veronika akasema, "Huu njo wako. Homa ilimukamatia Mama hapa. Mie sikuweza kuugusa."

Mama, nilikudanganya. Kila mtu aliyetoka nyumbani aliniletea swali lako lile lile: "Mumuulize kama iko anaongea na Mungu, ao anamupita tu mu njia." Nami nilijibu kwamba naongea naye. Kweli ni kwamba tangu nianze kuchimba mawe ya bati nilifanya tu ishara ya msalaba juu ya chakula, haraka haraka, basi. Kazi ya kuniombea nilikuachia wewe.

Nilichukua jembe lako. Nikaanza pale kwenye jiwe. Nikapalilia hatua tatu, nne, ndipo nikajisikia nasema, "Mungu, ni mimi, mtoto wa mwenye shamba hili." Machozi yakaja hapo. Nililia mpaka mwisho wa mstari, kisha nikautafuta wako, niupalilie pia. Haukuwepo. Nilimuuliza Veronika, naye hakuwahi kuuona. Hata jirani wa mbuzi alikuwa na mstari, Mama, wewe hukuwa nao. Na mimi, miaka yote hiyo, sikukuombea hata siku moja.

Papa sasa anakaa kwa Veronika. Bado anakuita akitaka maji. Mimi nina hamu na sauti yako mpaka kifua kinauma. Laiti ungeniletea lile swali mara moja tena tu, nikujibu bila uongo.

Hapa hatuna maharage. Tuna makarai ya kuoshea mchanga mtoni, na tangu jana kila karai ninaloosha lina mtu wake wa kuombewa: la Papa, la Veronika, la msimamizi wetu mwenye hasira, ambalo naliosha kwa nguvu. La kwanza la asubuhi, maji yakiwa bado baridi, ni lako. Sitaliruka, nakuahidi.

Pumzika, Mama. Umeinama vya kutosha.

Mwanao,
Donati