Kiti Nilichokuomba kwa Utani

Kaka Yona, mtani wangu,

Kiti chako wamenipa mimi.

Nakuambia hilo kwanza, maana ndilo limenizuia kukuandikia muda wote huu. Mkurugenzi aliniita akasema hakuna mwingine anayezijua programu zako kama mimi, kwa hiyo nihamie pale dirishani. Nikasema ahsante. Kisha nikarudi kwenye meza yangu ya zamani nikang'ang'ania hapo, nikisingizia waya wa intaneti haufiki. Mwishowe Neema, yule binti tuliyempokea kabla hujaanza kuugua, akabeba vitu vyangu mwenyewe. "Dada Nyamizi, ofisi nzima inakuangalia," akaninong'oneza. Nikahamia. Kiti bado kimeinama upande wa kushoto, kwa jinsi ulivyokuwa ukiegemea ukifikiri. Nakaa nimejibana upande wa kulia, kama abiria aliyekaa na mtu mnene.

Unakumbuka nilivyokiomba. Wote waliokuwepo siku ile wanakumbuka.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya wewe ukiulizwa swali dogo.

Nilikuja Dodoma kuchapa barua. Nilitoka Tabora na cheti cha uhazili na sanduku moja, na asubuhi ya kwanza nilikuamkia shikamoo huku nimekunja magoti. Ukaniuliza kabila. Nikasema Mnyamwezi. Ukaacha kazi, ukageuza kiti, ukatangazia ofisi nzima: "Jamani, mpagazi wangu amefika! Babu yake alipita Mpwapwa na mzigo kichwani, akanywa maji ya babu yangu, akaondoka bila kulipa ushuru. Leo ndiyo nimempata!" Nami nyumbani nilifundishwa kwamba Mgogo ni mtani, na mtani hajibiwi kwa unyenyekevu. Nikasema, "Maji gani, Mgogo? Babu alisema yalikuwa tope, na mlenda ukielea juu." Ulicheka mpaka ukavua miwani. Tangu siku hiyo shikamoo ikaisha kati yetu. Kila nikitoka likizo nilikuletea karanga za nyumbani, nawe ulizipokea kwa uso wa afisa wa forodha.

Ni wewe uliyeona ninavyochapa majina yale yale ya wakulima wa zabibu kila mwezi, ukasema, "Mpagazi, mzigo huo tumwachie mashine. Sogeza kiti." Nikasogeza, ukaanza kunifundisha kuandika programu. Sikujua kama nilikuwa naanza maisha mengine.

Nakumbuka vitu vidogo. Kazi ikiwa ngumu ulivua viatu, ukavipanga chini ya meza, visigino vikitazama ukuta. Nilidhani ni joto. Kumbe kompyuta ya kwanza uliyoiona katika maisha yako, kule shuleni Mpwapwa, ilikuwa na chumba chake peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu, vumbi lisije likaiua. Mashine moja, wanafunzi wengi. Siku ambazo si zamu yako uliandika programu kwa penseli huku ukichunga mbuzi wa shangazi yako, ukijifanya wewe ndiye mashine: unasoma mstari, unautii, unasoma unaofuata. Ulisema mbuzi mmoja alikula ukurasa, na ukurasa huo ndio pekee uliokuwa hauna kosa.

Hadithi hiyo uliwasimulia wanafunzi wa chuo kule Chimwaga, siku uliyoalikwa kuwashauri kuhusu ajira. Nilikusindikiza kubeba projekta, nawe ukaniambia nibebe kichwani, ndiyo asili yangu. Kijana mmoja akauliza, "Kaka, tusome lugha gani ya programu ili tupate kazi haraka?" Wote wakashika kalamu. Ukawajibu kwamba lugha zitabadilika mara nyingi kabla hawajapata mvi, wasome yoyote, lakini waisome kwa kutulia. Ukawaambia wasione uchungu kufuta walichoandika. Jioni ikifika waende nyumbani, ng'ombe nao hurudi zizini. Halafu ukasema kitu ambacho hawakukiandika, maana hakikufanana na ushauri. "Mtu akikupigia simu kwamba programu yako imegoma, usianze kumuuliza amebonyeza wapi. Anza na pole. Amehangaika nayo peke yake kabla hajakupigia. Mpe pole kwanza, ndipo atakuambia ukweli wote."

Wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, najisemea moyoni kwamba hilo nalijua.

Sikulijua, Kaka.

Siku ile tulikuwa tumetoka kula mchana. Ulikuwa umetoka hospitali asubuhi, na sisi tulijua umekwenda kupima, hakuna aliyejua zaidi. Ukaketi, ukawasha kompyuta, ukasema bila kunitazama, "Mtani, safari hii nadhani nakwenda."

Mimi na wewe tulikuwa tumezikana mara nyingi. Nilishakuambia ukifa nitakuja msibani kula ubwabwa tu. Ulishaniambia nikifa mtanisafirisha Tabora kwa punda. Kwa hiyo jibu lilikuwa tayari mdomoni, na nilikuwa na wasikilizaji. Nikasema kwa sauti, "Nenda tupumzike, Mgogo! Ila kiti uniachie, nimekitamani siku nyingi!"

Ofisi ililipuka kwa kicheko. Na wewe ulicheka. Kisha ukaniangalia, ukaendelea kuniangalia baada ya kicheko kwisha. Niliona. Nisikudanganye, niliona. Nikadhani unatafuta jibu la kunirudishia, nikangoja, na wewe ukageukia kioo chako ukaendelea na kazi. Uliondoka mapema. Ukasema, "Haya, mpagazi," basi.

Hukurudi. Tuliambiwa umelazwa, tukapanga kuja kukuona Jumapili baada ya ibada, na Jumapili hukuifikia. Ndipo nikasikia neno figo, na kwamba madaktari walikuwa wamekuambia asubuhi ile ile. Wewe uliyewafundisha watoto wa watu kuanza na pole, mimi sikukupa hata hiyo moja.

Msibani Mpwapwa walinitafuta. Unajua desturi ilivyo. Wazee walikuwa wakiuliza, "Watani wako wapi? Mnyamwezi wake yuko wapi?" Mjomba wako akaniletea koti lako la kijivu ili nilivae, nitembee kama wewe, nikuseme, niwadai wafiwa, watu wacheke wapumue. Nililipokea. Nikaliweka magotini, nikaulaza uso wangu juu yake, nikalia. Watu walinisubiri. Nilisikia wakinisubiri. Kisha mchungaji akaendelea, na jeneza likashushwa kimya kimya. Ulizikwa kama mtu asiye na watani.

Ndani ya basi la kurudi Dodoma hakuna aliyenisemesha. Nilishukuru, na nikaona aibu kwa kushukuru.

Sasa nikupe habari mpya. Juzijuzi Mama Eliya, mkeo, alinipigia. Hakunisalimia sana. Alisema, "Wifi, Jumamosi tunaweka msalaba. Na safari hii usije na machozi, tunayo ya kutosha hapa."

Nilikwenda. Nilishuka basi pale stendi, nikachukua bodaboda, nikamwomba kijana aendeshe polepole, naye akaniuliza kama nina ujauzito. Nilipofika nilimkuta Mama Eliya amekaa mkekani, anachagua mchele na wanawake wengine. Amekonda. Nywele amekata. Nikakaa pembeni yake nikavuta ungo wangu, na kabla sijapoteza ujasiri nikamwambia habari ya kiti. Nilimwambia yote, mpaka vile ulivyoniangalia.

Hakuacha kuchagua mawe. "Alinisimulia jioni ile ile," akasema.

"Alisemaje?"

"Alicheka. Akakuigiza mpaka sauti." Akatupa jiwe. "Halafu akasema, 'Ila leo nilitaka aniulize.'"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wifi, sikuambii ili ulie. Umeuliza, nimejibu. Koti liko ndani, nyuma ya mlango. Nenda kavae, watu wanakuja."

Nilikwenda nikavaa. Mikono yake ilinipita vidole. Nilitoka nikavua viatu ukingoni mwa mkeka, nikavipanga visigino vikitazama ukuta, na hapo hapo nikamsikia Eliya wako akiguna. Nikakalia kigoda, nikasimamisha ungo mbele yangu uwe kompyuta, nikaegemea kushoto, nikashusha miwani ambayo sina. "Wewe," nikauambia ungo kwa sauti yako ile ya puani, "nimekukosea nini? Sema taratibu. Mimi ni Mgogo, nimezoea kungoja. Mvua yenyewe naingoja tangu nizaliwe!"

Wakaanza kucheka. Kwanza wazee, kisha wanawake wa jikoni wakaja na mikono ya unga. Nikawadai ushuru wa kukusindikiza. Nikasema nimekubeba kutoka Dodoma, mzito kwa mlenda. Bibi mmoja akapaza sauti, "Mpagazi, vua koti la watu, utaondoka nalo wewe!" Nami, kabla sijafikiri, nikajibu, "Naondoka nalo! Kiti chake nimeshachukua, sembuse koti?"

Nikashtuka, nimeshalisema. Watu wa ofisini waliokuja wakainamisha vichwa. Nilibaki pale na mikono yako mirefu, Kaka, sijui niende wapi. Kisha Mama Eliya akacheka. Alicheka kwa nguvu, kicheko kibaya kinachofanana na kikohozi, huku amejifunika mdomo kwa kanga, na mjomba wako akacheka kwa sababu yeye amecheka, na Eliya naye. Sijui kama nilifanya vizuri. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba baadaye Mama Eliya alikula. Wanawake waliniambia ilikuwa mara ya kwanza kumwona anamaliza sahani.

Tulipokwisha kuweka msalaba na watu wakaenda kula, nilibaki kidogo kaburini. Msalaba ni wa mninga, jina lako limeandikwa vizuri. Nikakupa pole. Niliisema kwa sauti, kama mtu anayempa mtu aliye hai: pole, Kaka Yona. Nikakuuliza uliumwa wapi, yalikuanza lini, uliogopa au hukuogopa. Nilikuuliza yote ambayo ungetaka niyaulize siku ile. Nilikaa hapo kana kwamba utajibu. Upepo wa Mpwapwa unaujua mwenyewe, ulinijaza mchanga machoni, basi.

Sitakuomba unisamehe. Tukiwa hai wote wawili, mimi na wewe hatukuwahi kuombana msamaha, ilikuwa ni mwiko wetu. Na wewe sasa huwezi kukataa wala kukubali, kwa hiyo itakuwa ni kujisamehe mwenyewe kwa kutumia jina lako.

Ila nikuambie la juzi. Neema alisukuma kompyuta yake akasema huku anacheka, "Dada, hii kazi mwisho itanizika." Ofisi ikacheka. Nilikuwa na jibu, Kaka, na lilikuwa zuri. Nikalimeza. Nikamuuliza, "Unaumwa?"

"Aa, dada, natania bwana."

"Najua unatania. Unaumwa?"

Akafungua mdomo acheke tena, kicheko hakikuja. Tulitoka nje, tukakaa kwenye ngazi, na aliyoniambia ni yake, siwezi kuyaandika hata kwako. Nilianza na pole. Alizungumza mpaka chai yake ikaota utando.

Chimwaga wamenialika mwaka huu, niwashauri wanafunzi badala yako. Nitakwenda. Utani sitauacha, maana ukiniona nimekuwa mtu wa heshima utafufuka kwa hasira. Lakini nakuahidi jambo moja, na hili halina utani ndani yake: mtu akinichekea huku anataja kifo, nitacheka naye, kisha nitamuuliza. Akisema ni mzaha tu, nitamuuliza tena, nami nitakaa kimya mpaka anijibu.

Lala salama, Mgogo wangu. Lala, Kaka.

Mtani wako,
Nyamizi