Cherehani Imeenda Kanisani

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Maharage yapasheni, msiyaunguze. Gauni la jirani ~~mpelekeeni~~ msiliguse, nitampelekea mwenyewe.

Msishtuke kuona meza hii tupu. Hakuna mwizi aliyeingia. Cherehani nimeipeleka kanisani kwa mkokoteni.

Jana niliwaambia kuwa kwenye wasia wangu nimeliachia kanisa cherehani, wasichana wa pale wajifunzie kushona. Mkaendelea kula, nikajua yameisha. Asubuhi hii naamka, nakuta uzi mwekundu umefungwa kwenye gurudumu lake, na wa bluu kwenye mguu. Mwekundu wa kaka mkubwa, bluu wa kitinda mimba. Kila mtu na alama yake! Mnajua fika kwamba mimi hufunga uzi kwenye nguo niliyoimaliza, inayomsubiri mwenyewe aje kuichukua. Sasa mimi nani kanimaliza?

~~Sina kinyongo.~~ Kinyongo ninacho, ila kidogo. Zaidi nilicheka. Mnagombea cherehani, na kifungo kikikatika ni "Mama! Mama!" Hata kutia uzi kwenye sindano hamjui.

Wasia ulisema kanisa liichukue nikishakufa. Nimebadilisha. Kutoa ni moyo, na wangu bado unadunda. Alhamisi naanza kufundisha.

Nyuzi zenu nimewawekea chini ya kikombe. Anayeitaka cherehani aje darasani kama wenzake, nafasi zipo. Na aje na uzi wake.

Mama yenu, aliye hai