Alama ya Penseli Kwenye Kioo

Chemchem, Tabora
3 Desemba 1978

Kwa mdogo wangu Fakhria,

Assalaam alaykum. Niwie radhi kwa kimya changu. Redio yako ilinifikia siku chache baada ya Idi ya kuchinja, nawe hukupata kwangu hata neno moja. Mimi na wifi yako Batuli tu wazima. Natumai wewe na shemeji Mfaume hamjambo, na kwamba mmepata habari za Shaban huko mpakani.

Redio imepona. Transista moja ilikuwa imekufa; madukani hazipo, nikaing'oa nyingine katika redio kuukuu. Waya wa spika nimeutia lehemu upya.

Si kazi iliyonichelewesha. Unaijua desturi yangu: kabla sijaifungua redio ya mtu, huweka alama nyembamba ya penseli kwenye kioo, pale mshale ulipo, ili nimrudishie mwenyewe ikiwa kwenye stesheni yake. Yako nilipoiwasha kwenye alama, aliyezungumza alikuwa mtu wa Kampala.

Fakhria, tuko vitani. Watu wa asili ya Uarabuni kama sisi hutazamwa mara mbili hata wakipanga foleni ya sukari. Nani husikiliza hapo? Ikiwa ni Mfaume, mwambie aache. Nijibu kwa mkono wa Twalibu wa lori la asali. Usipitishe posta.

Kaka yako,
Ghalibu


Sikonge
9 Desemba 1978

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mpe wifi salamu zangu. Sisi afya tunayo; usingizi ndio hatuna.

Ni mimi. Mfaume hajui, kwani jioni nyingi yuko porini kwenye mizinga yake. Barua ya mwisho ya Shaban ilifika kabla adui hajavuka mpaka. Tangu hapo, kimya. Jirani mmoja alininong'oneza kwamba stesheni ile husoma majina ya askari wetu waliotekwa. Sijui kama ni kweli. Nimesikia matusi na nyimbo tu. Lakini nikiiacha jioni moja, naona hiyo ndiyo jioni watakayomtaja mwanangu nami sipo.

Nirudishie redio, kaka. Alama ifute ukitaka. Mahali pale mkono wangu unapajua hata gizani.

Ni mimi mdogo wako,
Fakhria


Chemchem, Tabora
21 Desemba 1978

Kwa mdogo wangu Fakhria,

Assalaam alaykum. Tu wazima, ingawa wifi yako ameacha kula. Isome barua hii ukiwa umekaa.

Redio sitairudisha, nawe usije Tabora.

Juzi Shilinde, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja kuchukua redio yake. Akaziona alama kwenye vioo, akacheka. Akaniuliza, "Sheikh, siku hizi redio nazo zinachanjwa?" Nami, kwa kujivunia kazi yangu, nikamweleza desturi yangu yote. Nilipokwisha kusema, alikuwa hacheki tena.

Jana alirudi na katibu wa tawi. Katibu aliamuru niiwashe kila redio kwenye alama yake. Karibu zote zilikuwa Dar es Salaam. Moja ilitoa Kurani kutoka Misri. Kisha ikaja yako, na sauti ile ikajaa dukani mwangu mchana kweupe. Wateja waliokuwa mlangoni waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Katibu aliuliza, "Nani husikiliza hapa?"

Nikamjibu, "Mimi."

Unanijua: sijasema uongo hata kwa mtoto. Wala jana sikusema. Tangu nilipoipata barua yako, kila jioni baada ya Magharibi nimekaa kwenye alama yako nikisikiliza kwa niaba yako.

Redio wameichukua. Nimekatazwa kutoka Chemchem, na Jumamosi kamati itakaa juu yangu. Ninayemhofu zaidi ni Shilinde. Siku Twalibu alipoishusha redio yako, mfuko wake ukinata asali, Shilinde alikuwa amesimama hapo hapo. Jana alitazama chini, hakumwambia katibu kwamba redio ile ilitoka Sikonge. Sijui atanyamaza mpaka lini.

Lililo zito nimeliweka mwisho. Jioni iliyotangulia ujio wao, majina yalisomwa kweli. Nilisikia "Shaban". Jina la baba lilimezwa na mkwaruzo. Akina Shaban ni wengi jeshini, kwa hiyo usilie, wala usishukuru bado. Nilikusudia nisikuandikie mpaka nilisikie mara ya pili, na sasa sina cha kusikilizia.

Mwambie Mfaume yote, asije akayasikia kwa wengine. Barua hii usiijibu. Kamati ikishaamua, nitakuandikia. Na ikiwa mkono hautakuwa wangu, utakuwa wa Batuli.

Kaka yako,
Ghalibu