Beringi ya Nane

Ihanda,
14 Juni 2025

Kaka Nolasco,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Nkwenda. Siulizi kwa mapenzi; ni kwamba barua haianzi bila salamu. Hapa Mama anaendelea vizuri, ila mkono ungali umefungwa plasta na ndizi namenya mimi.

Ujumbe wako alioleta jirani yetu Vero nimeusoma. Eti mimi ni nyoka mwenye madaftari, nimekufukuzisha nyumbani. Anayesema hivyo ndiye aliyesimama mlangoni pa klabu yetu ya sayansi akauliza tunaruka lini kwenda mwezini ili atuletee abiria. Wenzangu walicheka. Mimi niliinama.

Sikuwa nachezea vyuma. Mwalimu Kaijage alitufundisha kwamba beringi iliyochakaa hairudishwi kwenye chombo cha angani kabla ya kupimwa, maana huko juu hakuna fundi wa kuibadilisha. Ndiyo maana nilikuomba zile nane kuukuu za pikipiki. Niliziosha kwa mafuta ya taa, nikawa nazizungusha zikiwa zimebeba mkungu wa ndizi, nikihesabu sekunde hadi zisimame. Saba zilikwaruza, nikazikataa. Ya nane uliichukua mezani bila kuniuliza, ukaifungisha kwenye gurudumu la mbele, ukampakia Mama kwenda gulioni. Ikapasuka mteremkoni, mkaanguka, Mama akavunjika mkono.

Baba alipouliza, ulisema mimi niliipitisha. Nikasema niliikataa. Akaniamini mimi, kwa kuwa wewe ni mropokaji, akakunyang'anya pikipiki na kukuambia uondoke.

Jumanne nilipita kwa fundi Placidius aliyekufungia. Akasema alikuonya kwamba beringi ile ina mlio, nawe ukamjibu kwamba mdogo wako anapima mambo ya angani, yeye ni nani hata ampinge. Nilizidi kukuchukia. Kwa nini siku hiyo nayo hukunicheka?

Ile ya nane sikuipima na mzigo. Mama alikuwa ameshaukata ule mkungu apike, nami niliona haya kwenda kuomba mwingine kwa jirani. Niliizungusha tupu, ikateleza vizuri, nikaandika kwamba imefaulu. Baada ya ajali nilichana ukurasa huo nikautia motoni.

Leo asubuhi nimemwambia Baba yote, Mama akisikia. Amesema uje uchukue pikipiki. Njoo. Ila usinitanie, na usinisamehe mbele ya watu. Sitavumilia.

Mama anakusalimu sana. Mimi nakusalimu kidogo.

Mdogo wako,
Evaresta