Aliyesema Habari ya Daftari

Igogo, Mwanza
14 Septemba 1995

Mpendwa Dada Renatha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi hatujambo, ila mimi situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa, mpaka Mama ameniuliza kama kiti kina kunguni.

Najua una kinyongo na shirika letu. Tulipowauliza watu wanavyohudumiwa kwenye zahanati yako, tuliwaahidi kwamba majina hatutayataja. Basi kwenye mkutano wa Busisi mkuu wetu akasoma maneno ya mama mmoja: alikwenda zahanati na homa, nesi akamrudisha kwa kuwa hana daftari la kuandikiwa, wala hakuinua uso kumtazama. Watu wakacheka, wakakugeukia. Mimi niliinamia makaratasi yangu.

Jana Maige, dereva wetu, alivuka na pantoni akitoka huko. Anasema umeshaamua kuwa msemaji ni Suzana muuza dagaa, eti kwa sababu ana mdomo. Amekuja kliniki mara mbili, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, na mara zote umemwambia akatibiwe na hao aliowapelekea maneno. Dada, hapo nimekasirika, sikufichi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa miguu ya mjamzito ikivimba hivyo si jambo la kungoja.

Suzana hatukumhoji kabisa. Aliyesema ni Mama.

Mwezi wa saba, alipokuja kukusalimia, homa ilimshika njiani, akapitia zahanati. Alipanga foleni kama wengine ili usionekane unapendelea ndugu. Alipofika dirishani ukamwambia, macho kwenye kitabu, "Bila daftari usinipotezee muda." Aliona haya kusema mbele ya watu kuwa yeye ni mama yako. Akageuka, akarudi kupanda pantoni, kisha akakutumia salamu kwamba safari imeahirishwa. Nilipomhoji alikubali niandike, mradi wewe usijue.

Sasa nimevunja ahadi ya kazi na ya Mama pia. Nikifukuzwa, nifukuzwe. Nakuomba umpokee Suzana leo hii, na hasira zako uniletee mimi.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama hajui ninachoandika. Siku ile aliporudi na homa yake, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba umekonda.

Mdogo wako,
Noela